Kuzunguka Japani mkiwa marafiki wanne, hadi siku ya kurudi nyumbani

Mwongozo huu ni wa marafiki wanne wanaotoka Afrika Mashariki kwenda Japani kwa usiku 10: Tokyo, Kyoto, Hiroshima na Osaka. Mkiwa watatu au watano hesabu hazibadiliki sana, ila wanne ndiyo idadi inayokaa vizuri kwenye treni na kwenye meza za migahawa midogo. Mkizidi sita, gawanyikeni makundi mawili tangu mwanzo.

Safari za marafiki kule huharibikia kwenye ncha zake. Siku ya kwanza watu wamechoka, hawana chenji, na kila mmoja ana wazo lake la kufika mjini. Siku mbili za mwisho hakuna anayetaka kuondoka: huyu kabakiza duka moja, yule hekalu moja, masanduku hayajafungwa, na ndege haisubiri. Kwa hiyo mnapanga kuanzia nyuma kuja mbele.

Hatua ya 1: Tarehe ya kurudi kwanza

Tafuteni tiketi ya ndege inayoingilia Tokyo na kutokea Osaka, uwanja wa Kansai. Emirates na Qatar Airways zinafika miji yote miwili, na mara nyingi bei haipishani sana na tiketi ya kwenda na kurudi Tokyo. Mkilazimika kurudi Tokyo kupanda ndege, hesabuni takriban yeni 14,000 kwa kila mtu na nusu siku nzima ya treni, tena siku ambayo mna mizigo mingi kuliko siku zote.

Chagueni ndege inayoondoka jioni au usiku. Ya asubuhi inawalazimisha kulala karibu na uwanja au kuamka saa kumi alfajiri, na jioni ya mwisho mnaipoteza.

Kisha kwenye kalenda wekeni alama: siku kamili ya mwisho haina safari ya mji mwingine, haina tiketi ya kiingilio iliyolipiwa, haina ahadi. Siku hiyo ndiyo itakayobeba yote mliyoyaahirisha. Makundi yanayoweka Hiroshima au Nara siku ya mwisho hujikuta yanakimbia.

Kuhusu majira, epukeni wiki tatu ambazo Wajapani wenyewe wako njiani: mwisho wa Aprili hadi tarehe 5 Mei au zaidi kidogo, katikati ya Agosti (kipindi cha Obon, cha kuwakumbuka waliotangulia), na kuanzia tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari. Hoteli hupanda bei, na treni za mwendo kasi (shinkansen) za Nozomi kipindi hicho hazina kabisa mabehewa ya kukaa bila kuweka nafasi. Maua ya sakura Tokyo na Kyoto huchanua mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili. Majani mekundu Kyoto ni katikati ya Novemba hadi mwanzo wa Desemba, na kwa mtu wa Dar au Mombasa hiyo ni baridi ya koti. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua, Agosti hadi Oktoba kuna vimbunga.

Hatua ya 2: Viza, kila mtu na yake lakini karatasi zifanane

Pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinahitaji viza. Wenye pasipoti za Uingereza, Marekani, Kanada na nchi nyingi za Ulaya hawahitaji kwa matembezi mafupi, hivyo kundi lenye watu wa diaspora litakuwa na wenye viza na wasio na viza. Maombi yanapelekwa kwa ubalozi wa Japani unaohudumia nchi unakoishi: fomu, picha, ratiba ya siku kwa siku, taarifa za benki, barua ya mwajiri au uthibitisho wa biashara, na nafasi ya ndege ambayo bado hamjailipia.

Hapo kwenye ratiba ndipo makundi yanapojikwaa. Wanne wanaosema wanasafiri pamoja halafu kila mmoja ameandika hoteli tofauti na tarehe tofauti, watahojiwa. Mmoja aandike ratiba, wote wainakili neno kwa neno: tarehe, mji, jina la hoteli, simu yake. Hoteli ziwe za aina inayoruhusu kufuta bila kutozwa. Fedha kila mtu athibitishe za kwake. Kama mmoja anamlipia mwenzake, iandikwe barua inayosema hivyo wazi.

Viza ya kuingia mara moja huisha nguvu miezi mitatu baada ya kutolewa. Msiombe miezi mitano kabla. Wiki sita hadi nane kabla ya safari panatosha.

Jazeni pia Visit Japan Web, huduma ya serikali yao ya mtandaoni inayotoa msimbo wa QR wa uhamiaji na forodha. Pigeni picha ya skrini, maana intaneti ya uwanjani huweza kusumbua wakati mnaihitaji.

Vitu vya kuacha nyumbani: nyama ya aina yoyote, iwe kavu, soseji au ya kukaanga, pamoja na matunda mabichi na mboga. Forodha yao haina mzaha na hilo. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine nyingi zinakatazwa, na baadhi ya dawa za maumivu zenye codeine zina masharti. Dawa ya daktari ya zaidi ya mwezi mmoja inahitaji kibali kinachoombwa kabla ya kusafiri.

Hatua ya 3: Njia, na hesabu ya treni

Mpangilio unaokaa vizuri: usiku 4 Tokyo, 3 Kyoto (Nara mnaenda na kurudi), 1 Hiroshima, 2 Osaka.

Watu wengi bado wanaambiwa wanunue Japan Rail Pass, pasi ya treni ya wageni. Ushauri huo ulikuwa mzuri hadi Oktoba 2023, pasi ya siku 7 ilipopanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Fanyeni hesabu ya njia hii, nafasi za kuweka kwenye shinkansen ya Nozomi, kwa mtu mmoja:

Tokyo hadi Kyoto, takriban yeni 14,000.
Kyoto hadi Hiroshima, takriban yeni 11,500.
Hiroshima hadi Shin-Osaka, takriban yeni 10,500.

Jumla ni 36,000. Pasi ingewagharimu 14,000 zaidi, na juu yake mngelipa nyongeza kila mnapopanda Nozomi, treni inayosimama vituo vichache zaidi. Hata mkirudi Tokyo kutoka Hiroshima bado hamfiki 50,000. Pasi inaleta faida kwa anayekwenda mbali kaskazini na kusini ndani ya wiki moja, na hiyo ni safari ya kukaa kwenye kiti.

Tiketi zinanunuliwa kwenye programu ya Smart EX, ambamo mtu mmoja anaweza kuwawekea nafasi hadi watu sita, au kwenye mashine na ofisi za tiketi vituoni. Kadi za benki zetu wakati mwingine hukataliwa mtandaoni kwa sababu uthibitisho wa malipo kwa ujumbe wa simu haujawashwa. Maliza jambo hilo na benki yako kabla ya kuondoka, na laini yako ya nyumbani iendelee kupokea ujumbe.

Viti kwenye shinkansen ya Tokyo hadi Osaka vimepangwa vitatu upande mmoja (A, B, C) na viwili upande wa pili (D, E). Wekeni D na E za safu mbili zinazofuatana. Chini ya kiti kuna pedeli: ikanyageni, mzungushe safu ya mbele, mtakaa wanne mkitazamana. Upande huohuo ndio wa mlima Fuji mkitoka Tokyo, kama dakika 40 hadi 45 baada ya kuondoka, karibu na kituo cha Shin-Fuji. Mlima huonekana zaidi asubuhi na wakati wa baridi. Kiangazi mawingu huuficha siku nyingi.

Treni husimama kituoni dakika moja au mbili tu. Kwenye tiketi kuna namba ya behewa, na sakafu ya jukwaa ina alama ya mahali mlango wa behewa hilo utakapofunguka. Fikeni hapo dakika kumi kabla.

Hatua ya 4: Pesa

Bajeti ya mtu mmoja kwa usiku 10, bila ndege, viza, bima na zawadi: malazi ya hosteli au nyumba ya kuchangia yeni 45,000, chakula 35,000, shinkansen 36,000, treni na mabasi ya mjini 10,000, viingilio 10,000, kwenda na kutoka viwanja vya ndege 4,000, kutuma mizigo 5,000. Jumla 145,000. Ongezeni 20,000 za dharura ambazo hazionyeshwi kwa mtu hadi siku ya mwisho. Majira ya sakura malazi pekee yanaweza kuongezeka mara moja na nusu.

Kila mtu achange yeni 20,000 za noti kwenye mfuko mmoja, na mmoja wenu awe mweka hazina. Mfuko huo unalipia teksi, kabati za kuhifadhi mizigo, vyakula vya pamoja na maji. Ukibaki nusu, wote wanajazia kiasi sawa. Vitu vya mtu binafsi haviguswi humo, hata soda. Migahawa mingi midogo ina mashine ya tiketi mlangoni, kila mtu analipa chake. Penye bili ya pamoja, semeni "betsu-betsu" mkitaka kila mmoja alipe lake, japo sehemu nyingine hukataa. Bakshishi haitolewi. Ukiiacha mezani, mhudumu atakukimbilia barabarani akurudishie.

Mweka hazina aandike matumizi kila usiku kabla ya kulala. Madeni ya siku tatu huwa hakuna anayeyakumbuka kwa namna moja, na urafiki mwingi umechubuka hapo.

Pesa taslimu zitoeni kwenye mashine za 7-Eleven au za posta, zinapokea kadi za Visa na Mastercard za nje. Kadi pepe zinazotengenezwa kwenye huduma za pesa za simu zinafaa kununulia mtandaoni, lakini haziingii kwenye mashine ya kutolea pesa, kwa hiyo kila mtu awe na kadi halisi moja. Noti mpya zimetoka Julai 2024. Mashine kadhaa za zamani za migahawa na mabasi zinakubali za zamani tu, basi mkipata noti za zamani za yeni 1,000 zitunzeni.

Hatua ya 5: Saa sita za kwanza

Fanyeni kwa mpangilio huu, na msitoke uwanjani kabla hamjamaliza: washeni laini ya simu, kila mtu; toeni pesa; nunueni kadi ya kugusa; kuleni; ndipo mpande treni.

Kadi ya kugusa ni Suica au Pasmo kwa Tokyo, ICOCA kwa Osaka na Kyoto. Moja inatumika karibu miji yote mikubwa, kwenye treni, mabasi, mashine za vinywaji na maduka madogo. Kila mtu lazima awe na yake, kwa sababu geti linakumbuka ulikoingilia. Wenye iPhone wanaweza kuiweka ndani ya simu. Kuna aina ya wageni, Welcome Suica, isiyo na amana lakini inayoisha baada ya siku 28 na isiyorudisha salio. Wekeni yeni 3,000 za kuanzia. Kosa la kawaida ni kugusa kwenye mji mmoja na kutaka kutokea mji wa mbali kwa kadi hiyohiyo: ukiingilia eneo la Tokyo huwezi kutokea Kyoto, geti litafunga na utapelekwa dirishani.

Kama mnafika uwanja wa Narita, laleni mitaa ya Asakusa au Ueno. Treni ya Keisei ya Access Express inakwenda hadi Asakusa moja kwa moja kwa takriban saa moja na yeni 1,300 hivi. Treni ya haraka ya Skyliner ni ghali karibu mara mbili, inafika Ueno ndani ya dakika 40 na ushei. Mkiwa na usingizi machoni, treni isiyohitaji kubadilisha ndiyo bora hata kama ni ya polepole. Kuingia hotelini kwa kawaida ni saa tisa alasiri. Mkifika mapema, mapokezi watawashikia mizigo bure.

Chaja: soketi zao ni za pini mbili bapa na umeme ni volti 100. Chaja za simu na kompyuta zilizoandikwa 100-240V hufanya kazi kwa adapta ndogo tu. Pasi za nguo na mashine za nywele za kwetu hazitapata moto. Nunueni adapta mbili kila mtu na bebeni kamba moja ya soketi nyingi ya nyumbani: adapta moja inachaji simu nne.

Hatua ya 6: Sanduku lisafiri peke yake

Hili ndilo linalotofautisha safari tulivu na safari ya kugombana. Japani ina huduma ya takkyubin, ya kutuma sanduku kutoka hoteli hadi hoteli. Kampuni inayojulikana zaidi ni Yamato, yenye nembo ya paka mweusi. Mapokezi wanajaza fomu pamoja nanyi, mnalipa kati ya yeni 2,000 na 3,000 kwa sanduku kulingana na ukubwa, na kesho yake liko Kyoto. Kwenye fomu andikeni jina la aliyeweka nafasi ya hoteli inayofuata na tarehe ya kuingia, la sivyo mapokezi ya huko hawatajua ni la nani. Nyumba za kupanga zisizo na mapokezi hazifai kupokea mizigo. Tumeni kwenye hoteli.

Kwa njia hii tumeni mara mbili: Tokyo hadi Kyoto, kisha Kyoto hadi Osaka moja kwa moja. Hiroshima mnaenda na begi la mgongoni lenye nguo za usiku mmoja. Pasipoti, dawa na benki ya umeme (power bank) visiingie kwenye sanduku linalotumwa; sheria inamtaka mgeni atembee na pasipoti yake muda wote.

Anayeng'ang'ania kubeba lake kwenye shinkansen apime: urefu, upana na kimo vikijumlishwa vikazidi sentimita 160, lazima awe ameweka kiti chenye nafasi ya mzigo mkubwa nyuma yake. Asipoweka atatozwa yeni 1,000 ndani ya treni.

Hatua ya 7: Kutembea kundi zima bila kupotezana

Kituo cha Shinjuku kina milango ya kutokea zaidi ya 200. "Tukutane Shinjuku" haina maana yoyote. Ahadi iwe na jina la geti la tiketi na kampuni ya treni, kwa mfano geti la mashariki la JR. Shibuya kuna sanamu ya mbwa Hachiko, na ndani ya kituo cha Tokyo kuna kengele ya fedha, Gin no Suzu. Hapo ndipo watu wengi hukutania.

Kubalianeni kanuni ya mlango kufunga. Mmoja akibaki jukwaani, waliomo ndani wanashuka kituo kinachofuata treni hiyo itakaposimama na kumsubiri papo hapo. Watume picha ya bango la kituo lenye herufi na namba, kama JY17 ambayo ni Shinjuku. Aliyebaki apande treni ya aina ileile, maana ya haraka inaweza kukiruka kituo hicho.

Muda nao una mtego wake kwetu. Mmoja akisema "saa mbili", anamaanisha 20:00 au 8:00, na mwenzake aliyesoma tiketi anaona 2:00. Kwenye grupu la WhatsApp andikeni saa kama ilivyo kwenye tiketi, mtindo wa saa 24. Mkiona duka limeandikwa linafunga 25:00, hiyo ni saa saba usiku, Wajapani huendeleza hesabu ya siku mpaka usiku uishe. Treni za mwisho ni karibu na saa sita usiku, na baada ya hapo ni teksi, ambazo ni ghali.

Siku moja kati ya kila tatu gawanyikeni. Anayependa bustani aende bustanini, anayependa vifaa vya umeme aende Akihabara, mkutane chakula cha jioni. Kundi linalotembea pamoja saa zote kwa siku kumi huchoka lenyewe kwa lenyewe kabla halijachoka na Japani.

Kwa Kyoto, malango mekundu ya hekalu la Fushimi Inari hayafungwi na hayana kiingilio. Fikeni kabla ya saa moja asubuhi. Pandeni treni ya kawaida ya njia ya Nara kutoka kituo cha Kyoto hadi Inari, kama dakika tano. Ile ya haraka iitwayo Miyakoji haisimami hapo. Mkimaliza, endeleeni na njia hiyohiyo hadi Nara, kwenye hekalu la Todai-ji na kulungu wanaozurura wenyewe. Hawa hula biskuti zao maalumu zinazouzwa hapo, na pia hula ramani na tiketi zikiachwa mfukoni.

Hiroshima, makumbusho ya amani ni ya bomu lililoanguka tarehe 6 Agosti 1945 saa mbili na robo asubuhi. Tengeni saa mbili, na msiweke mlo mkubwa au manunuzi mara tu baada yake. Watu hutoka kimya na wanahitaji kukaa mtoni kidogo. Kesho yake asubuhi nendeni kisiwa cha Miyajima: treni ya JR hadi Miyajimaguchi chini kidogo ya nusu saa, kisha kivuko dakika kumi, na ushuru wa mgeni yeni 100. Lango lililosimama baharini hubadilika na maji. Yakijaa linaelea, yakipwa mnalifikia kwa miguu. Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa: angalieni jedwali la maji kujaa na kupwa, mpange kufika ili mwone hali zote mbili.

Chakula, sala na bafu

Duka dogo la kona ndilo rafiki wa mfuko: tonge la wali lililofungwa kwa mwani, onigiri, ni karibu yeni 150 hadi 200. Bakuli la ramen ni karibu 1,000. Ila mchuzi wa ramen mara nyingi ni wa mifupa ya nguruwe, hasa ile ya tonkotsu. Asiyekula nguruwe ajifunze alama 豚, na alama 酒 ya pombe, ambayo huingia hata kwenye vitoweo. Asiyekula samaki ajue kwamba supu ya dashi, msingi wa karibu kila kitu, huwa ya samaki. Tokyo, Kyoto na Osaka kuna migahawa ya halali ya kutosha. Wekeni nafasi, ni midogo. Wanne kwenye kaunta yenye viti nane si rahisi. Kubalini kukaa wawiliwawili.

Viwanja vya Narita, Haneda na Kansai vina vyumba vya sala. Msikiti wa Tokyo Camii uko karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara, na msikiti wa Kobe, wa kwanza nchini humo, ulifunguliwa mwaka 1935. Kutoka Osaka ni nusu saa hivi kwa treni.

Bafu za maji ya moto, onsen, huogwa bila nguo yoyote, wanaume kwao na wanawake kwao, na mwili unasafishwa kwa sabuni kabla ya kuingia majini. Asiyejisikia, au mwenye tatuu, aulize bafu la faragha, "kashikiri", linalokodiwa kwa saa.

Mkipata homa huko, mwambieni daktari mapema kwamba mmetoka eneo lenye malaria. Si ugonjwa anaoutarajia. Polisi ni 110, ambulensi na zimamoto 119, na kuna simu ya wageni saa 24, 050-3816-2787, yenye watu wanaosema Kiingereza.

Hatua ya 8: Siku tatu za mwisho

Siku ya tatu kabla ya kuondoka, pimeni masanduku. Mizani ndogo ya mkono moja inawatosha wote wanne. Mwenye nafasi ambebee mwenzake, lakini kila mtu afunge na ajue kilichomo kwenye sanduku linalobeba jina lake. Sake (pombe ya mchele), michuzi na miso (rojo la soya) viende kwenye sanduku la chini ya ndege: miso huhesabiwa kama kimiminika na ikizidi mililita 100 itabaki ukaguzini. Visu vya jikoni navyo chini. Benki ya umeme mkononi, kamwe si chini.

Zawadi za vitamu zinunueni mwishoni, maana nyingi hazikai. Tazameni tarehe kwenye boksi, inaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Keki laini maarufu za stesheni hudumu kama wiki moja tu. Na anayetamani jiko la kupikia wali asome maandishi nyuma: lililotengenezwa kwa soko la ndani ni la volti 100, na ukilichomeka kwenye umeme wa nyumbani linaungua siku hiyohiyo. Tafuteni lililoandikwa 220-240V.

Kodi ya mauzo kwa bidhaa nyingi ni asilimia 10. Hadi mwisho wa Oktoba 2026, mgeni anayenunua vitu vya kuanzia yeni 5,000 kwenye duka lenye huduma hiyo anaonyesha pasipoti na kodi inaondolewa palepale. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 unalipa bei kamili na kurudishiwa baada ya forodha kuthibitisha uwanjani kwamba vitu vinatoka nchini. Kwa safari za baada ya hapo, ongezeni saa moja uwanjani na msivizike vitu hivyo chini ya sanduku kabla ya kukaguliwa.

Siku kamili ya mwisho, asubuhi fanyeni yaliyobaki. Jioni, kabla ya chakula, mweka hazina afungue daftari, salio ligawanywe na madeni yalipwe kwa yeni zilizo mkononi. Jambo hili lisisubiri nyumbani. Unganisheni picha pia usiku huo, kwenye intaneti ya hoteli, kwenye albamu moja. Watu wakishatawanyika picha za mwenye kamera nzuri hazipatikani tena. Kisha tokeni mkale. Mitaa ya Osaka ya Namba au Dotonbori, popote, bila ratiba.

Kuna usiku huo mtu husema tuongeze siku tatu. Angalieni kwanza kibandiko kilichowekwa kwenye pasipoti mlipoingia, kinachosema mmepewa siku ngapi. Hicho ndicho kinachohesabika, si tarehe ya viza. Kisha gharama ya kubadili tiketi. Kama vyote viwili vinaruhusu na mfuko upo, ongezeni. Kama siku za kibandiko zimeisha, hakuna mjadala: kuzidisha hata siku moja ni kosa la jinai, na huweza kumfungia mtu kurudi kwa miaka. Viza ya pili huwa rahisi zaidi kwa aliyetoka kwa wakati.

Siku ya kuondoka, fikeni Kansai saa tatu kabla ya ndege. Kutoka Namba kuna treni ya Nankai. Mkitumia treni ya haraka ya JR kutoka Osaka, jihadharini: inakatika vipande viwili kituo cha Hineno. Mabehewa ya 1 hadi 4 yanakwenda uwanjani, ya 5 hadi 8 yanakwenda Wakayama. Makundi yaliyopanda behewa lenye nafasi badala ya behewa sahihi yamejikuta yakiangalia uwanja ukibaki nyuma. Uwanja wenyewe uko kwenye kisiwa cha kutengenezwa, umefungwa na bara kwa daraja moja. Upepo mkali husimamisha treni, na kimbunga cha Septemba 2018 kilisukuma meli hadi ikaligonga daraja hilo. Miezi ya vimbunga ondokeni saa mbili mapema zaidi.

Sarafu hazibadilishwi kwenye maduka ya fedha ya kwetu. Ziingizeni kwenye kadi ya kugusa kwa mashine ya kituoni inayopokea sarafu, kisha mtumie salio duka la uwanjani. Suica hurudishwa amana yake ya yeni 500 kwenye eneo la JR ya mashariki tu, ICOCA kwenye ya magharibi tu, kwa hiyo Suica ya Tokyo haitapata mtu wa kuipokea Osaka.

Mkifika nyumbani

Japani iko mbele ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa sita. Kwa siku nne au tano mtaamka saa tisa usiku na kusinzia saa kumi na mbili jioni. Msilale mchana zaidi ya dakika 20, na tokeni juani asubuhi. Msirudi kazini kesho yake kama likizo inaruhusu siku moja ya ziada.

Suica isiyotumika hubaki hai miaka 10 tangu mara ya mwisho ilipoguswa. Wekeni pamoja na pasipoti, na salio lake.